Kiwanda cha visu vya gia Dongo Kundu: nafuu ya kodi ina faida kwetu?

Bakari_Shimanzi: Tujadili, jamani. Kampuni ya nje inayotengeneza visu vya kukatia gia ipewe nafuu ya eneo maalum la kiuchumi la Dongo Kundu, hapa Mombasa upande wa Likoni, au la? Mimi nasema ipewe. Kodi ya faida ni asilimia 10 kwa miaka 10 ya mwanzo, kisha 15 kwa 10 inayofuata, wakati sisi wa mjini tunalipa 30. Lakini angalau hobu (visu vya mviringo vinavyokata meno ya gia kwa kuzunguka pamoja nayo) zitatengenezwa hapa hapa, na vijana wapate kazi.

Mwanahamisi_M: Kaka Bakari, tazama wakubwa wa kazi hii walivyotoka kwao. Gleason, kampuni ya mashine na visu vya gia ya Rochester, New York, ilianza 1865. Mwaka 1893 uchumi wa Marekani ulipoanguka, Kate Gleason, binti wa mwanzilishi, alivuka bahari kwenda Ulaya kutafuta oda. Viwanda vya ng'ambo vilikuja baadaye sana. Walipotaka mizizi Ujerumani walinunua kampuni za gia za huko, Hurth ya Munich 1995, halafu Pfauter 1997, jina la Hermann Pfauter aliyepata hataza ya mashine ya hobu 1897. Yaani walinunua mafundi pamoja na wateja wao, si uwanja mtupu. Bangalore wapo pia, na India inakata gia za magari na trekta kila siku. Hapa Mombasa nani ananunua hobu kwa wingi? Kreni na viwanda vya saruji huagiza gia moja moja.

Fundi_Changamwe: Na gia moja haihitaji hobu, mashine ya milingi, inayokata jino moja moja, inatosha. Chukua meno 37, moduli 3 (moduli ni kipimo cha ukubwa wa jino kwa milimita). Kipenyo cha nje ni 3 × (37 + 2) = milimita 117, kina cha jino 2.25 × 3 = 6.75. Kichwa cha kugawanyia cha 40 kwa 1 (mpini ukizungushwa mara 40, gia huzunguka mara moja): kwa kila jino 40/37, yaani mzunguko mmoja na nafasi 3 kwenye duara la matundu 37 (mkono wa kuhesabia ufunguliwe nafasi 3, usihesabu tundu unaloanzia). Kisu cha meno 35 hadi 54 ni namba 6 kwenye seti ya moduli. Seti za DP (kipimo cha meno kwa inchi) zimegeuzwa, huko ni namba 3. Ukichukua namba 3 ya moduli umekata umbo la meno 17 hadi 20. Gia italia na haitadumu. Makosa hayo kiwanda cha Dongo Kundu hakiyatibu.

Bakari_Shimanzi: Sawa, na kisu kikiisha makali?

Fundi_Changamwe: Kinanolewa! Hapo ndipo pa kuweka pesa: mashine moja nzuri ya kunolea. Hobu hunolewa uso wa mbele tu. Jiwe lisipolenga katikati ya mhimili, pembe ya jino hubadilika na gia haishikani na mwenziwe. Ukinoa kavu kwa pupa, ncha inageuka buluu, chuma kimeshalainika. Na usingoje kisu kiliwe kupita kiasi, utasaga sehemu kubwa ya maisha yake kurudisha makali.

Mwanahamisi_M: Ongeza hili. Bidhaa ikitoka eneo maalum kuingia soko la Kenya huhesabiwa kama imeingizwa kutoka nje. Karakana ya Shimanzi itanunua kisu cha ng'ambo ya Likoni na kulipia ushuru kama kimeshuka kwenye meli.

Kijana_Mikindani: Tuna mfano wa nyumbani. Numerical Machining Complex ya Nairobi ilitokana na mradi wa gari la Nyayo. Gari halikufika sokoni, karakana ikabaki inatafuta kazi. Nafuu itolewe, ila kwa sharti: kituo cha kunolea kinachopokea visu vya karakana za mjini, na wanagenzi wafundishwe kunoa, siyo kufungasha maboksi tu.

Bakari_Shimanzi: Sharti hilo ukiliweka mwanzoni, mwekezaji anaelekea Tanzania. Liwekwe mwaka wa tatu.

Fundi_Changamwe: Mwaka wa tatu ameshapata ardhi, yakhe. Utamdai kwa nini?