Kazi ya nyumbani ya mtandaoni isiyokusanywa: ni kazi kweli au geresha?

Mzazi wa Nkuhungu
Wakuu, tujadili hili. Shule nyingi za kutwa hapa Dodoma mjini zina grupu la WhatsApp la kila darasa. Jioni mwalimu anatupia maswali, chini anaandika "Fanyeni, msitume." Hakuna kukusanya, hakuna alama. Sasa aliyefanya na asiyefanya watajulikanaje? Mwalimu asiyesahihisha ana tofauti gani na mtangazaji wa redio?

Chaki Nyeupe
Mtangazaji wa redio? Haya. Darasa la wanafunzi 80, kila daftari dakika 2, jumla dakika 160. Hapo ni somo moja, mkondo mmoja. Mwenye mikondo mitatu azidishe mwenyewe. Na hayo ni madaftari ya mkononi. Picha 80 kwenye simu ni balaa jingine: fungua, kuza, zungusha maana nusu zimepigwa kiubavu, halafu huna pa kuweka vema wala kosa. Kutuma si kusahihishwa. Wazazi mnataka mtoto atume ili mlale usingizi.

Zabibu Chungu
Mwalimu kajibu la redio, swali lenyewe kaliruka. Mzazi kauliza watajulikanaje.

Wanajulikana kesho yake asubuhi, dakika 5 za mwanzo wa kipindi. Chukua swali moja kati ya yale ya jana, badilisha tarakimu, waandike kwenye robo karatasi, madaftari yakiwa chini ya dawati. Jana ilikuwa 3x + 5 = 20, leo ubaoni weka 4x + 7 = 31. Aliyefanya ataleta 6. Aliyenakili kwa jirani anaandika 5 bila aibu. Wabadilishane karatasi, wasahihishane, wewe unasoma alama tu. Ila majibu ya jana yasipande kwenye grupu kabla ya hapo. Yakipanda usiku uleule, hakuna anayehangaika na njia.

Mtu wa Kisasa
Tatizo lenu ni kung'ang'ania WhatsApp. Google Classroom, darasa la mtandaoni, ipo, bure. Kosa la wengi ni kuweka zoezi kama kazi yenye tarehe ya mwisho wakati hawakusanyi. Tarehe ikipita, mtoto anaona maandishi mekundu kwamba hajawasilisha, hata kama kalimaliza daftarini, na mzazi anatinga ofisini kesho yake. Kama hukusanyi, liweke kama nyenzo ya kusoma: halina kitufe cha kuwasilisha wala tarehe. Siku unaiandika kwenye kichwa, "Ya Alhamisi", basi.

Kwenye Moodle, mfumo mwingine wa masomo ya mtandaoni, ni tofauti. Liache liwe kazi, ila ondoa tiki kwenye aina zote mbili za uwasilishaji, maandishi na faili. Mwanafunzi anaambiwa hatakiwi kuwasilisha chochote mtandaoni, lakini safu ya alama inabaki. Zile alama za robo karatasi za Zabibu unaziingiza humo. Hiyo wengi hawaijui.

Mbukwa
Moodle kwa mtoto wa Ng'hong'onha ambaye mama yake ana kitochi? Tuma SMS: "Hesabu F2: uk 47, zoezi 3, na 1-6. Jaribio Alhamisi." Hazifiki herufi 60. Kazi imefika, bando halijaguswa.

Binti Iyumbu
Ng'hong'onha imekukosea nini? Iko pua na mdomo na Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), vyumba vya wanachuo vimejaa, mtandao unasoma kuliko huko uliko. Ungesema Bahi vijijini ningekuelewa.

Mwana Bahi
Bahi imeingiaje humu? Reli imepita, umeme upo. Dada, lini ulifika mara ya mwisho?

Chaki Nyeupe
Tuache wilaya za watu. Mbukwa, ukurasa 47 wa kitabu kipi, wakati kitabu kimebaki kabatini shuleni?

Mbukwa
Wanakili maswali dakika 3 za mwisho wa kipindi.

Zabibu Chungu
Sasa kama wamenakili darasani, SMS ya nini?

Mbukwa
Ya mzazi, ajue leo kuna kazi! Na angalieni mnavyoandika. SMS ni herufi 160 kwa herufi za kawaida tu. Ukitia kiemoji kimoja zinashuka hadi 70, ukizidi hapo unakatwa SMS ya pili. Hata ile alama ya juu kwenye ng', simu ikiipinda yenyewe, ni yaleyale.

Zabibu Chungu
Kwa hiyo Ng'hong'onha inakula salio kwa jina lake tu. Binti Iyumbu, pole.

Binti Iyumbu
Sicheki.

Mzazi wa Nkuhungu
Mnanitoa kwenye hoja. 2020 shule zilifungwa karibu mwaka mzima, watoto walitumiwa kazi bila kukusanya, wakarudi weupe.

Chaki Nyeupe
Mwaka mzima wa wapi? Zilifungwa Machi 17, kidato cha sita wakarudi Juni 1, wengine Juni 29. Na kipindi hicho masomo yalirushwa redioni, hiyohiyo uliyoitumia kututukana.

Mzazi wa Nkuhungu
Sijatukana mtu, nimeuliza. Na picha zenu za ubao hazisomeki, 3 au 8 hatujui.

Mtu wa Kisasa
Hiyo ni kweli. Dirisha likiwa upande wa pili ubao unang'aa, halafu WhatsApp inaibana picha. Ukiituma kama dokumenti haibanwi, ila ni nzito na bando ni la mzazi. Bora uchape maswali kwa maandishi, kisha uyabandike juu ya grupu kwa siku 7. Na weka wasimamizi pekee ndio watume. Wazazi 80 wakishajibu "asante mwalimu", mtoto anatafuta namba 4 katikati ya shukrani.

Mzazi wa Nkuhungu
Mkifunga grupu, swali likiwa na kosa tutasemea wapi?

Chaki Nyeupe
Inboksi.

Mzazi wa Nkuhungu
Inboksi hamjibu.

Mwana Bahi
Binti Iyumbu bado hajanijibu pia.