Timu ya watu wa nchi nne: Kiswahili tunacho sote, kuelewana bado

MratibuMaji, Arusha

Ndugu zangu, naomba ushauri. Ninaratibu mradi mdogo wa maji wenye watu kumi na mmoja: Watanzania watano hapa Arusha, Wakenya watatu walioko Nairobi, Wakongo wawili walioko Goma, na mhandisi mmoja Mjerumani aliyejifunza Kiswahili kwa bidii hata anatushinda baadhi yetu katika ngeli. Nilidhani kwa kuwa lugha tunayo, mengine yatajipanga yenyewe. Hayakujipanga.

Mwezi uliopita mhandisi alimuuliza fundi wa Goma kwa simu, "Pampu hazijafika?" Fundi akajibu, "Ndiyo." Mhandisi akaandika katika ripoti kwamba zimefika, na mafundi wawili wakasafiri kutoka Arusha kwenda kuzifunga. Walikaa huko siku nne wakitazama msingi wa zege usio na kitu juu yake. Wiki iliyofuata mwenzetu wa Nairobi aliandika katika kundi la WhatsApp, bila salamu wala utangulizi, "Hii kazi haijaisha. Nani alihusika?" Fundi wetu mkongwe, mtu mzima anayekaribia kustaafu, hajaandika neno kundini tangu siku hiyo, ingawa ukimpigia simu anapokea vizuri na kukuuliza habari za nyumbani. Na juzi niliandika katika mwaliko "kikao saa 3:00". Mhandisi akaingia saa tisa alasiri, wakati sisi tulikwisha kutawanyika tangu asubuhi.

Sitaki semina ya siku mbili yenye chai na vyeti. Nataka kujua ninyi mliofanya kazi na watu mchanganyiko mlibadilisha nini hasa katika utaratibu wa kila siku.

MwanaKivu

Mimi ni mtu wa Goma, kwa hiyo nianze na hiyo "ndiyo", maana naona fundi anakaribia kuitwa mwongo ilhali alisema kweli tupu. Kwetu, na nadhani kwa wasemaji wengi wa Kiswahili, swali la kukanusha hujibiwa kwa kupima maneno ya muulizaji: umesema hazijafika, nami nakubali, ndiyo, hazijafika. Mjerumani hupima hali yenyewe: kama pampu hazipo, jibu lake ni "hapana". Kijerumani kina hata neno maalumu la kupinga swali la namna hiyo, na Kifaransa tunachoandikia ofisini kinalo la kwake, lakini Kiswahili hakikuhitaji neno hilo kwa sababu kinajibu kwa njia nyingine. Kila mmoja alifuata sarufi aliyonyonya kwa mama yake, na zege likabaki tupu.

Dawa yake ni ndogo. Msiulize swali linaloweza kujibiwa kwa "ndiyo". Ulizeni, "Pampu ziko wapi sasa hivi?" au "Zimebaki siku ngapi zifike?" Jibu likiwa ni jina la mahali au idadi, hakuna wa kulielewa kinyume. Faida ya pili ni kwamba mtu mwenye habari mbaya hupata mlango wa kuisema bila kutamka "hapana" mbele ya mkubwa wake, jambo ambalo wengi wetu hatulifanyi kwa urahisi. Ukimuuliza kama zitafika Ijumaa atakwambia "tutajitahidi", na kila aliyekulia huku anajua kwamba hapo ndipo pa kuanza kutafuta mpango mwingine.

BahariaMstaafu, Mombasa

Nimefanya kazi katika meli za mizigo kwa miaka kumi na tisa, pamoja na Wafilipino, Wahindi na Waukraine, na kwa muda mrefu serehangi wetu, yaani mkuu wa mabaharia wa kawaida, alikuwa mtu wa Lamu. Baharini jambo hili halikuachiwa hisani ya mtu. Mwaka 1990 meli ya abiria Scandinavian Star ilishika moto ikitoka Oslo kwenda Frederikshavn, wakafa watu 159, na moja ya mambo yaliyozidisha maafa ni kwamba wafanyakazi wengi walikuwa wageni katika meli ile na hawakuwa na lugha ya kuelewana na abiria. Mwaka 2001 Shirika la Kimataifa la Bahari likapitisha maneno sanifu ya mawasiliano melini, Kiingereza kilichopunguzwa makusudi hadi kubaki na sentensi chache zisizo na maana mbili.

Lakini lililo muhimu zaidi kuliko msamiati ni kurudia. Afisa akisema "kulia kumi", yaani usukani nyuzi kumi kulia, mshika usukani hurudia "kulia kumi" kabla ya kuugeuza, na usukani ukishafika hapo husema tena kwamba uko kulia kumi. Amri moja imesemwa mara tatu, na hakuna anayejiona amedharauliwa, kwa sababu hata nahodha mwenyewe alipokuwa kijana alirudia vivyo hivyo. Fanyeni hilo kwenye simu zenu za kazi.

BintiWaNakuru

Namheshimu baharia, ila nchi kavu si rahisi hivyo. Mimi ni Mkenya niliyefanya kazi Dar es Salaam miaka sita. Wiki ya kwanza nilimwambia mwenzangu, "Nipe hiyo faili." Akanipa, kisha chumba kizima kikanyamaza. Jioni mama mmoja wa masjala akaniita pembeni: "Mwanangu, hapa tunaomba." Sikuwa na kiburi. Kwetu Kiswahili cha kazini kinaishi bega kwa bega na Kiingereza na lugha za nyumbani, na upole mwingi tunauweka katika sauti na uso. Katika ujumbe wa simu sauti haipo, basi hubaki amri kavu.

Kwa hiyo mwambieni huyo wa Nairobi ukweli, lakini kwa faragha, na msimfanye yeye ndiye mwenye kosa pekee. Fundi mkongwe naye ameadhibu kundi zima kwa kimya ambacho Mkenya wala Mjerumani hawezi kukisoma. Wao wanadhani yuko shughulini. Na kuhusu kurudia: kumtaka mzee arudie ulichomwambia ni kama kumtahini. Geuza upande. Wewe mratibu ndiye useme, "Mzee, naomba nirudie nilivyokuelewa, unisahihishe." Mzee wa Kitanzania akiombwa kusahihisha, atasahihisha mpaka mchoke.

MratibuMaji, Arusha

Nawashukuru nyote. Nilikwenda nyumbani kwa mzee Jumamosi, nikakaa saa nzima kabla ya kugusa habari ya kundi, na kumbe hakuudhiwa na swali lenyewe bali na kuulizwa mbele ya vijana aliowafundisha kazi. Mkenya wetu amempigia mwenyewe. Jana mzee aliandika kundini, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, picha ya koki na maneno mawili: "Inavuja hapa."

Kuhusu saa, sasa kila mwaliko unaandikwa kwa maneno na kwa mji: saa tatu asubuhi Arusha na Nairobi, saa mbili asubuhi Goma. Ujerumani huwa sawa na Goma majira ya joto, kisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanarudisha saa nyuma na sisi wa Arusha tunaachana nao kwa saa mbili. Mhandisi ameomba kwake iongezwe pia 08:00 katika mabano. Fundi wa Goma amemuuliza kwa nini mtu aliyeamka saa mbili aandike nane, na mjadala huo haujaisha.