Aliyenipa kasuku "mpole" aje amchukue, vidole vinaniisha

Wakuu, naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia una bendeji, kwa hiyo asije mtu hapa kunisahihisha herufi.

Kuna mtu humu, mnamjua wote. Yule ambaye kila akiamka lazima aandike kwamba wanyama ni familia, na picha yake amepiga na ndege begani. Huyo huyo. Simtaji, maana mods watanifungia mimi wamwache yeye. Ndiye aliyeniletea kasuku mpaka mlangoni: "Chukua ndugu yangu, huyu mpole, hata nzi hamgusi."

Ni kweli, nzi hamgusi. Nzi wote wa nyumba hii wako salama. Mimi ndiye sina kidole.

Ni wale wa kijivu, mkia mwekundu. Nikamwekea tundu kubwa, maji, mbegu, kengele ya kuchezea. Jamaa alinielekeza: nyoosha kidole, sema "panda", atapanda. Nikanyoosha, nikasema panda. Mheshimiwa akainama taratibu, akakishika kidole kwa mdomo. Mimi mjinga wa watu nikajua nabusiwa. Akaminya. Hakushtuka wala hakuwa na haraka, aliminya kwa utulivu kama anapasua karanga, mpaka nikawaona mababu zangu wamejipanga kwa ukoo. Nikapiga yowe.

Sasa sikilizeni. Akaachia. Akageuza kichwa, akanitazama kwa jicho moja, akasema: "POLE MPENZI."

Kwa sauti ya yule jamaa! Sauti yenyewe, pamoja na kile kikohozi anachomalizia.

Pole mpenzi. Na damu inachuruzika mpaka kwenye kiwiko.

Nikamtumia ujumbe. Kanijibu saa hii hii, ndio maana mnaniona hapa natetemeka: "Labda wewe ndio hakupendi. Kwangu hajawahi kumng'ata mtu."

Hajawahi? Hiyo "pole mpenzi" kaitoa wapi? Kasuku hasomi magazeti. Kasikia. Kasikia mara nyingi mpaka kajua kwamba damu ikitoka ndio inafuata. Kuna mtu kwenye ile nyumba kang'atwa na kupewa pole kila siku, halafu mzigo nikapewa mimi kwa jina la zawadi!

Pole mpenzi. Mimi!

Nusu Bakuli: Picha hakuna. Hii ni chai.

Mzee wa Viti vya Mbele: Nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta. Rudia pale alipokohoa.

Bi Tausi: Pole mpenzi.

Mleta uzi: Bi Tausi usinichokoze, nakuheshimu.

Fundi Manyoya: Mkuu, alipoinama ulimtazama macho? Kasuku akipandwa na mori mboni inasinyaa na kupanuka, inasinyaa na kupanuka. Manyoya ya shingo yanasimama, mkia unatanuka. Hiyo ni notisi. Ndege kakuandikia notisi, kapiga na mhuri, wewe unasema nabusiwa.

Mleta uzi: Nani anasoma mboni kidole kikiwa kinaenda mdomoni?

Fundi Manyoya: Wanaobaki na vidole. Halafu kingine, kasuku anatumia mdomo kama mkono wa tatu. Kabla hajapanda mahali anapashika kwanza kwa mdomo apime kama panamhimili. Ukishtuka ukavuta, umeshamwambia kwamba tawi hili bovu. Kuanzia hapo anakamata kwa nguvu. Inawezekana kabisa mwanzo alikuwa anapima.

Mleta uzi: Alikuwa anapima halafu akanipa pole? Anayepima anasema samahani.

Kobe Mwepesi: Afadhali wako anakupa pole. Wangu nilirithishwa, akining'ata anacheka. Na kicheko ni cha marehemu mama mkwe wangu. Mke wangu akikisikia analia, mimi natoka damu, ndege anaendelea kucheka. Usiniambie habari ya matatizo.

Mzee wa Viti vya Mbele: Kobe umeshinda. Uzi ufungwe.

Mleta uzi: Haufungwi! Hatujamzungumzia yule aliyenipa!

Daktari wa Kijiweni: Kosa ni yowe. Kasuku anapenda tamasha. Ukipiga kelele, ukaruka, ukamtukana, umemlipa, na kesho atataka malipo mengine. Akikung'ata nyamaza, mshushe mahali pake bila hasira, mpe mgongo kidogo. Usimpige, usimpulizie usoni, usimtikise. Ndege aliyepigwa haachi kung'ata, anaacha kutoa notisi tu.

Mleta uzi: Ninyamaze. Kidole kinaning'inia kwa uzi, mimi nimempa mgongo, natazama dirisha.

Daktari wa Kijiweni: Ndiyo.

Bi Tausi: Mwenzako kahamishwa nyumba bila kuulizwa, sauti alizozoea hazisikii, halafu linatokea jitu lina kidole linasema panda panda. Mimi pia ningekung'ata. Mwache kwanza akuzoee. Kaa karibu na tundu, soma mambo yako, ongea naye. Mpe mbegu anayoipenda kupitia nondo za tundu. Baadaye mfundishe kugusa ncha ya kijiti kwa mdomo: akigusa, zawadi. Kijiti ndio kitakupeleka mpaka mkononi, na itachukua muda wake. Hawa wanaishi miaka 40, wengine mpaka 60, haraka ya nini?

Mleta uzi: NGAPI? Jamaa hakuniambia hilo! Huyu atanizika!

Nusu Bakuli: Atakuzika, na kaburini atasema pole mpenzi.

Mzee wa Viti vya Mbele: Halafu akohoe.

Fundi Manyoya: Analala saa ngapi?

Mleta uzi: Tukilala sisi. Yuko sebuleni, anaangalia mpira na sisi mpaka usiku wa manane.

Fundi Manyoya: Anatakiwa apate giza na utulivu kwa muda wa saa 10 mpaka 12 kila usiku. Hapo una ndege mwenye usingizi, mgeni, na timu yenu inafungwa. Na mnamkuna wapi?

Mleta uzi: Kabla hajaniua nilimpapasa mgongoni kidogo, kumbembeleza.

Fundi Manyoya: Kichwani na shingoni tu. Mgongoni na chini ya mabawa ni mambo ya ndoa. Unamwamsha ashiki, kisha unaondoka kwenda kuosha vyombo. Lazima awe na hasira.

Bi Tausi: Kumbe "mpenzi" ana haki yake kisheria.

Mleta uzi: Naombeni mods.

Kobe Mwepesi: Kuhusu kasuku wenye mdomo, sio wewe peke yako. Mwaka 2020 kule Lincolnshire, Uingereza, hifadhi moja ilibidi iwatenganishe kasuku watano wa kijivu, walikuwa wanawatukana wageni. Wageni wakicheka, wao wanaongeza. Wako ana adabu sana.

Daktari wa Kijiweni: Na yule kasuku Alex wa mtafiti Irene Pepperberg kule Marekani alijua rangi, maumbo na kuhesabu mpaka 6 kabla hajafa mwaka 2007. Sasa wako kakutolea ushahidi dhidi ya mfugaji wake wa kwanza kwa maneno mawili. Mpelekeni mahakamani, ndege ndiye shahidi.

Mleta uzi: HATIMAYE mmoja kanielewa! Ndicho ninachosema! Pole mpenzi ni ushahidi! Na jamaa namwona hapo chini kwenye orodha, yupo mtandaoni, anasoma kimya.

Mama Chupa: Mleta uzi, usimweke karibu na jiko. Zile sufuria zisizonata zikipata moto kupita kiasi zinatoa mvuke unaoua ndege mara moja. Parachichi pia usimpe, ni sumu kwao. Na kama ukali umezidi ghafla, mwone daktari wa mifugo anayejua ndege, huenda kuna mahali panamuuma.

Mleta uzi: Mama, mimi ndiye niliyeng'atwa. Wewe unauliza panamuuma wapi yeye?

Shoka la Mpini Mrefu: Nawasoma tangu juu nashangaa. Watu wazima mnalia kwa ndege anayeenea begani. Njooni mkutane na bata bukini wa jirani yangu. Anakaa getini. Anachagua nani apite. Posta hawaleti tena barua.

Kobe Mwepesi: Bukini hawezi kukuigizia mama mkwe.

Shoka la Mpini Mrefu: Hana haja. Yeye mwenyewe ndiye mama mkwe. Amenishika suruali kwa nyuma mbele ya watu, na hakuachia mpaka nilipoiacha.

Nusu Bakuli: Suruali?

Shoka la Mpini Mrefu: Niliiacha.

Bi Tausi: Uliingiaje ndani?

Shoka la Mpini Mrefu: Mbio.

Mleta uzi: Wakuu turudi kwenye mada. Jamaa kanijibu tena, kasema nimrudishie tundu kama simtaki ndege. TUNDU. Sio ndege!

Mzee wa Viti vya Mbele: Ngoja kwanza mkuu. Shoka, suruali uliirudishiwa?

Shoka la Mpini Mrefu: Analalia.

Mama Chupa: Hahaha! Kama ni jike anaatamia. Msimsogelee mpaka vifaranga vitoke.

Mleta uzi: Wakuu?

Mgeni Rasmi: Samahani, nimekuta mjadala umenoga. Kuna jogoo huku kwetu anawika saa 8 usiku, nje kuna taa ya barabarani inawaka mpaka asubuhi. Je, anadhani kumekucha au ananifanyia makusudi? Nifanyeje?

Shoka la Mpini Mrefu: Fungua uzi wako. Huu ni wa bukini.