Nataka kujifunza kuediti picha na mosheni grafiksi nikiwa Mtwara, ninunue kitabu au nifuate mafunzo ya mtandaoni?

Kuchele_Picha:
Wana Kuchele na wadau wote habari za muda huu. Mimi napiga picha za harusi hapa Mtwara mjini na vijiji vya jirani, mwaka wa pili sasa, kamera ninayo na mkono unaenda ila kuediti sijui kabisa. Picha zote namtumia jamaa yupo Dar ananisafishia, na ile vidio ya mwanzoni yenye majina ya bwana na bibi harusi yanayotembea naye ndo anatengeneza, kwa hiyo nusu ya hela inaishia kwake na kazi inachelewa. Mwaka jana korosho zilivyouzwa harusi zikafuatana, mteja mmoja wa Nanyamba akakaa wiki tano hajapata albamu, mama yake bibi harusi akanifuata mpaka nyumbani. Alikaa kwenye mkeka wala hakugomba, akaniuliza tu mwanangu zile picha zipo au hazipo. Sijalisahau lile swali.

Nataka mpaka mwezi wa 10 niwe najifanyia mwenyewe. Nina laptopu ya ramu GB 8. Kuna mtu ananiuzia kitabu cha Photoshop CS6 kinene, kimetumika lakini kurasa zote zipo, wengine wananiambia kitabu cha programu ni kutupa hela kila kitu kipo YouTube. Bando langu nalo la kuungaunga. Nianzie wapi, na hiyo mosheni laptopu yangu itaweza? Naomba kuwasilisha.

LeyaLindi:
Mkuu kama bei ni ya kawaida kinunue. CS6 ni ya 2012 kweli, utakuta menyu zingine zimehama na zile akili bandia za kumfuta mtu kwa kubofya mara moja humo hazimo, ila leya (matabaka ya picha yanayopangwa juu kwa juu) ziliingia kwenye Photoshop 3.0 mwaka 1994 na mpaka leo tunafanyia kazi zilezile, maski ileile (ya kuficha sehemu ya leya bila kuifuta, nyeusi inaficha nyeupe inaonyesha), Curves ileile (mstari unaoukunja kupandisha au kushusha mwanga). Mtu anayejua hivyo vitatu ukimpa programu yoyote anaingia.

Mimi nilianza na vidio nikiwa hapa Lindi mjini, naangalia kwa 240p ili mb zisiishe, mwalimu anabofya kitu hata sioni menyu imeandikwa nini, narudisha nyuma, narudisha tena, bando linakata sijajua kabofya wapi. Kitabu unakifungua pembeni ya laptopu kinakusubiri, umeme ukikatika na betri ikiisha unaendelea kusoma kwa tochi ya simu. Na kitabu kina mpangilio, hakikurushi kwenye kubadilisha rangi ya mawingu wakati hujajua histogramu, ile grafu ya giza na mwanga wa picha, inakwambia nini.

Ila usikisome kama riwaya. Soma sura moja, kifunge, chukua picha yako mwenyewe, sio ile ya mazoezi waliyokupa maana ile wameichagua itii, ya kwako ya Nanyamba ndo yenye ubishi. Pale unapokwama kwenye mkono, labda brashi unaipitishaje kwenye nywele, hapo ndo utafute vidio ya hicho kitu kimoja tu, uipakue usiku kwa ubora wa 720p ikae kwenye simu uirudie mpaka uchoke.

Chikundi_boy:
Hapo juu natofautiana kidogo na kaka wa Lindi. Kitabu cha Photoshop atakifuata na programu gani? Tangu 2013 Photoshop mpya zinatoka za kulipia kila mwezi, na hizo za kuvunjwa wanazogawana kwenye flashi zimejaa virusi, rafiki yangu hapa Masasi alipoteza harusi mbili nzima. Aweke GIMP, programu ya kuediti picha kama Photoshop, ni bure kabisa, toleo la 3.0 lililotoka mwezi wa 3 mwaka 2025 lina filta unazoweza kuzirekebisha baadaye bila kuharibu picha, na mwongozo wake unapakuliwa unakaa kwenye kompyuta unasoma bila intaneti, hicho nacho si kitabu? Faili la PSD, yaani la Photoshop, akiletewa na mtu analifungua kwa Photopea kwenye brauza.

Na kaka uwe makini na kozi za kulipia. Kuna moja nililipia, jina siliweki hapa, masaa mengi ya vidio, wanaonyesha efekti baada ya efekti, nikamaliza nikapewa na cheti. Wiki ileile nikaletewa picha ya mzee kasimama juani kofia imemfunika uso nusu, nikakaa nayo siku nzima sijui niguse wapi. Kabla ya kulipa uliza maswali mawili, je wanatoa mafaili ya kufanyia zoezi, na je kuna mtu ataiangalia kazi yako akwambie ulipokosea. Kama hakuna, hizo hela nunua bando.

LeyaLindi:
Mdogo wangu kwenye GIMP nakubali, na hicho kitabu cha CS6 anaweza kukisoma huku anafanya kwenye GIMP, majina yatatofautiana ila wazo ni lilelile.

DadaMingoyo:
Kaka samahani naingia kwa upande wa harusi maana ndo kazi yangu, jambo ambalo vitabu vingi vya wenzetu vinalipitia haraka ni ngozi yetu sisi na shela jeupe kwenye jua la huku pwani. Kamera inapima mwanga ikijaribu kuleta kila kitu kwenye kijivu cha kati, wanasema asilimia 18. Ukimsimamisha bibi harusi mwenye shela kwenye ukuta uliopakwa chokaa pale Mikindani saa sita mchana, kamera inaona weupe mwingi inashusha mwanga, uso unazama. Wanaoanza wanachofanya ni kupandisha mwanga wa picha nzima, uso unatoka wa majivu na zile nakshi za shela zinayeyuka zote, unabaki na karatasi nyeupe.

Piga kwa RAW, yaani faili ghafi la kamera. Shusha kwanza maeneo meupe mpaka uzi wa shela uonekane, halafu tengeneza leya ya Curves ya kupandisha mwanga, maski yake ijaze nyeusi, chukua brashi laini nyeupe nguvu ndogo kama asilimia 10 hivi, upake usoni taratibu, paji, shavu, shingo, na mikono usiisahau, nimeona albamu nyingi uso wa mtu mmoja mikono ya mtu mwingine. Na tafadhali kaka usimfanye mtu mweupe. Mama zetu wanaziona, bibi mmoja aliwahi kuniambia huyu mjukuu wangu mbona mmeniletea mgeni, tokea siku hiyo naweka picha ya asili pembeni muda wote nikiediti.

Shela likiwa linapepea mbele ya bahari na unataka kubadilisha nyuma, usilikate kwa kifutio. Shela linaonyesha cha nyuma yake, kwa hiyo kwenye maski lipake kijivu sio nyeupe, ile bahari mpya ipenye kidogo kwenye kitambaa.

Ndanda_mosheni:
Nijibu la mosheni. After Effects, programu ya mosheni ya Adobe, matoleo ya sasa wanataka ramu 16 kwenda juu, hapo laptopu yako haifiki. DaVinci Resolve, ya kuediti vidio, ina toleo la bure na ndani yake kuna Fusion ya kutengenezea mosheni, ila Blackmagic wanaoitengeneza wenyewe wanasema 16, na ukitumia Fusion 32. Pamoja na hivyo nenda kwenye tovuti yao upakue vitabu vyao vya mafunzo, ni PDF, ni bure, vimepangwa somo kwa somo, visome hata kabla hujapata mashine. Kwa ramu 8 chora herufi na maua kwenye Inkscape kisha zitembeze kwenye Synfig, zote bure na ni nyepesi.

Halafu usikimbilie majina ya maharusi. Anza na embe linadondoka. Weka mchoro wa embe juu, weka kiifremu (alama ya kuiambia programu kitu kiwe wapi kwenye fremu hiyo), nenda fremu 12 mbele, lishushe chini weka kiifremu nyingine. Sisi huku vidio ni fremu 25 kwa sekunde kwa hiyo hapo ni kama nusu sekunde. Cheza. Utaona embe linashuka kama limeshikwa na kamba, mwendo mmoja juu mpaka chini, ndo utajua kwanini yale majina ya watu wengine yanaonekana yanasukumwa. Kitu kinachodondoka kinaanza taratibu kinaongeza kasi, kwa hiyo fungua grafu uukunje ule mstari uwe mlalo mwanzoni na mwinuko mwishoni. Likigonga chini libonyee kidogo fremu mbili, liruke, safari ya pili lisiruke juu kama ya kwanza. Hayo ni mambo ya wachoraji wa Disney, Frank Thomas na Ollie Johnston waliyaandika mwaka 1981 kama kanuni 12, na kompyuta zimebadilika zote ila kanuni zipo palepale. Embe likikubali, jina la bibi harusi nalo litakubali, ila lenyewe lifanye litulie polepole mwishoni.

Kuchele_Picha:
Wakuu nimerudi baada ya wiki tatu, asanteni sana. Kitabu nilinunua nafanyia kwenye GIMP kama mlivyosema, maski nimeielewa siku ya nne, nilikuwa napaka leya yenyewe badala ya maski nashangaa mbona uso unakuwa mweupe kama unga. Dada wa Mingoyo ile ya mikono umenikamata, nimezipitia albamu zangu zote za nyuma ndo ilivyo. Embe langu linaruka vizuri mdogo wangu anaomba nimuwekee kwenye simu.

Tatizo sasa, nimeediti picha kumi mwenyewe, kwenye skrini safi kabisa, nimepeleka kuprinti zimetoka nyeusi, uso haueleweki. Nimekosea wapi tena?

DadaMingoyo:
Skrini yako imewashwa mwanga mpaka mwisho eti? Inakudanganya kaka, karatasi haina taa nyuma. Chukua karatasi nyeupe ishikilie pembeni ya skrini mchana ukiwa ndani, fungua ukurasa mweupe, shusha mwanga wa skrini mpaka vyeupe viwili vilingane, hapo ndo uediti upya. Na kila ukienda kuprinti toa moja ndogo kwanza, itoe nje uiangalie kwenye mwanga wa kawaida kabla hujaruhusu albamu nzima.

Kuchele_Picha:
Ilikuwa mwisho kabisa dada. Naishusha sasa hivi, kesho asubuhi naenda na moja.