Naomba ushauri: modeli ya usingizi inawalaza wavuvi wangu kupita kiasi

Habari za jioni wakuu. Nipo Tanga, natumia modeli ya michakato miwili, yaani shinikizo la usingizi na saa ya mwili (ile ya Borbély ya 1982), kukadiria usingizi wa wavuvi wa dagaa wakati wa giza (usiku usio na mbalamwezi).

Shinikizo la usingizi, S, linapanda kwa kigezo cha muda (kinachopima kasi ya badiliko) cha saa 18.2 mtu akiwa macho, na kushuka kwa kigezo cha saa 4.2 akilala. Kizingiti cha chini (S ikikifikia, mtu anaamka) ni 0.17, na wimbi la saa ya mwili linalokipandisha na kukishusha lina kimo cha 0.1, kilele saa 11 jioni. Cha juu (kinacholeta usingizi) nimekizima, maana baharini hakuna anayelala kwa hiari.

Mvuvi aliyeamka saa 8 mchana analala saa 1 asubuhi, S ikiwa 0.70. Modeli inamwamsha saa 6 mchana na dakika chache. Daftari linasema aliamka saa 4 na nusu asubuhi! (Chumba cha bati, joto la kaskazi, watoto nje.)

Nimepunguza hatua ya hesabu toka dakika 10 hadi 1, tofauti ni ndogo mno. Kusogeza kilele hadi saa 9 alasiri kunafupisha usingizi kidogo, ila kunavuruga siku za mbalamwezi: wote wanaamka mapema kuliko kawaida.

Je, joto na kelele niviingize kwa kupandisha kizingiti cha chini mchana tu, au nibadili kile kigezo cha saa 4.2? Na kwa taa za usiku kucha, wimbi hili linatosha au niweke kitetemeshi cha Kronauer (modeli ya saa ya mwili inayopokea mwanga)?