Tofauti ya "wait", "wait for" na "await": naomba ufafanuzi

Karani wa Kilindini
Assalaam aleikum ndugu zangu. Ofisini kwetu, ambako barua nyingi huandikwa kwa Kiingereza kwenda kwa wenye meli na wenye mizigo, pamezuka ubishi. Mmoja wetu huandika "We are awaiting for the documents", wa pili humtaka aondoe "for", na wa tatu ashikilia kwamba "We are waiting the documents" yatosha, kwa kuwa katika Kiswahili twasema tunangoja hati bila ya kutia neno jingine katikati. Ni nani mwenye haki? Je, "expect" nayo yaweza kukaa mahali hapo?

Maalim wa Tononoka
Waaleikum salaam. Haki ni ya wa pili, ila hoja yake inahusu "await" peke yake. Hicho ni kitenzi elekezi, hutaka yambwa yake, yaani kitu au mtu anayetendewa, papo hapo wala hakikubali kihusishi kama "for": "We await the documents". "Wait" chaweza kusimama peke yake, kama "Please wait", au kufuatwa na muda, kama "wait ten minutes", au na kitenzi kingine, kama "wait to be called". Lakini kikitajwa kitu au mtu anayengojwa, lazima "for" iingie. Ndugu yako wa tatu anaburutwa na "ngoja" yetu, ambayo hubeba yambwa bila ya taabu: namngoja, naingoja meli. Angeifikiria "ngojea", yenye mnyambuliko wa kutendea, pengine asingeona "for" kuwa jambo geni.

Tena "await" ni neno la barua na la mahakama. Anayepiga simu na kusema "I am awaiting you at the ferry" hajakosea sarufi, lakini kule Likoni watamdhania anasoma hati ya mashtaka. Mwambie tu "I am waiting for you".

Ama "expect" ni kutarajia. Mtu aliyeketi nyumbani kwake Changamwe aweza kutarajia meli itakayotia nanga wiki ijayo, naye ana shughuli zake nyingine zote. Anayeingoja ni yule aliyekwisha kusimama gatini. Katika barua za kazi, "We expect the documents by Friday" husikika kama dai, kwa hivyo mpime unayemwandikia.

Mhudumu wa Nyali
Sisi wa hotelini twakutana na "wait on", ambayo ni kumhudumia mtu mezani, na ndiyo maana mhudumu huitwa weita. Mgeni akiulizwa "Are you being waited on?" anaulizwa kama amepata wa kumhudumia. Lakini baadhi ya Wamarekani, hasa wa majimbo ya kusini, husema "I'm waiting on my brother" wakimaanisha kwamba wanamngoja, kwa hivyo sikilizeni mazungumzo yote kabla ya kuamua. Jingine linalowakanganya wageni wa kazi ni "I can't wait to see Fort Jesus". Anayelitafsiri neno kwa neno humwona mgeni amechoka kusubiri, ilhali mwenyewe ana hamu kubwa ya kuiona Ngome.

Mzee wa Mji wa Kale
Maana hiyo ya kuhudumu haikuzuka hivi hivi. "Wait" iliingia Kiingereza kutoka Kifaransa cha kale cha kaskazini, na hapo mwanzo ilikuwa na maana ya kulinda na kuvizia. Ni ndugu ya "watch" na "wake". Aliyekaa macho kwa ajili ya bwana wake alimlinda, akamhudumia, na akangoja amri yake. Kuvizia kumebaki katika "lie in wait". Kwetu pia kungoja na kulinda havikuachana mbali, kwani mngojezi ni mlinzi, na mngoja mlango ni bawabu. Vijana wa leo wana "soja" tu, na hilo lanisikitisha kidogo.

Karani wa Kilindini
Ahsanteni sana. Nimebakiwa na moja: mteja akiwa kwenye simu, wenzangu humwambia "Wait I call the manager". Je, inafaa?

Maalim wa Tononoka
Haifai, ingawa utaisikia kila pembe ya mji. "Ngoja nimwite meneja" ni Kiswahili fasaha, lakini "ngoja" hiyo haimwamuru mtu asubiri. Yatangulia tu lile ambalo msemaji anakusudia kulifanya, kama katika "ngoja nikuambie". Kazi hiyo Waingereza wameipa "let me": "Let me call the manager". Ukitaka kweli mteja asubiri, sema kwanza "Please wait" au "Please hold on", utue, kisha ndipo useme "I'll call the manager".