Bushi za IST: nimefunga mpya mwenyewe nyumbani, zimechanika ndani ya miezi minne

Binti Kibada

Habari za jioni wakuu. Nina IST ya 2004, injini 2NZ. Naishi Kibada, Kigamboni, na kutoka kwenye lami hadi getini kwangu ni kama kilomita moja na nusu ya mchanga na makorongo.

Mwezi wa nne gari lilianza kugonga mbele kushoto. Nikipanda tuta nasikia "ko!", nikishika breki kwa nguvu usukani unavutwa upande huo huo. Nikaingia chini na mtaimbo, nikausukuma mkono wa chini, ule mafundi wanaouita wishiboni. Bushi ya mbele, kile kipande cha mpira na chuma kinachoshika mkono kwenye fremu, ilikuwa imeachana kabisa, mpira huku na chuma huku.

Niliamua kuifanya kazi hii mwenyewe. Marehemu baba alikuwa dereva wa lori. Tangu niko darasa la tano nilikuwa namshikia tochi na kumpa spana anayoitaja, kumi na nne, kumi na saba, kumi na tisa. Chini ya gari si mahali pageni kwangu. Bushi nilinunua Gerezani, nikachagua zile za bei ya juu, nikapeleka mkono kwa jamaa mwenye presi akazitoa za zamani na kusukuma mpya. Nikarudi nyumbani, nikafunga, nikakaza kwa nguvu zangu zote.

Leo ni miezi minne. Mlio umerudi. Nimeangalia: bushi ile ile ya mbele ina ufa umeizunguka karibu nusu. Muuzaji anasema mpira wake ni mzuri, ameuza nyingi na hakuna aliyerudi. Fundi wa mtaani kwetu anasema IST ndivyo zilivyo, nizoee. Mimi sikubali kuzoea kitu kama hicho, maana gari hili ndilo linalopeleka watoto shule. Nimeuziwa feki, au kuna kitu nimekosea?

Kijana wa Segerea

Pole dada. Achana na habari za presi, nunua wishiboni nzima ya mtumba kutoka Japani, inakuja na bushi zake na boljointi, kile kiungo cha duara kwenye ncha ya mkono upande wa tairi. Mimi kwenye Raum nilifanya hivyo, nusu siku nikamaliza. Ila angalia mpira kwa tochi kabla hujalipa, nyingine zinafika zimeshachoka.

Mzee wa Spana

Binti Kibada, kabla hatujamhukumu muuzaji naomba unijibu swali moja. Bolti zinazoshika mkono kwenye fremu, ulizikaza gari likiwa katika hali gani?

Binti Kibada

Shikamoo mzee. Lilikuwa juu ya stendi, tairi limetolewa, mkono unaning'inia. Nikakaza zote, nikarudisha tairi, nikashusha.

Mzee wa Spana

Marahaba mwanangu. Basi jibu tumelipata, na ningependa kila anayefunga gari lake nyumbani alisome, kwa sababu hata kwenye gereji nyingi hapa mjini jambo hili halifuatwi.

Bushi ya mpira haizunguki kama beringi. Ganda lake la nje limebanwa ndani ya mkono. Kibomba chake cha ndani kinabanwa na bolti kwenye fremu, na ukishakaza hakisogei tena. Katikati kuna mpira uliogandishwa kwenye chuma pande zote mbili. Mkono unapopanda na kushuka, ni mpira wenyewe unaojisokota na kurudi. Ndiyo kazi yake, na unaiweza miaka mingi, mradi mahali pake pa kupumzika pawe pale gari linaposimama kwa uzito wake.

Wewe ulikaza mkono ukiwa umening'inia. Uliuambia mpira kwamba huko chini ndiko kwake. Ulipolishusha gari, mkono ukapanda, na mpira ukasokotwa kabla hata hujatoka getini. Unalala umesokotwa, unaamka umesokotwa. Likija tuta la shule, msokoto unaongezwa juu ya msokoto. Mpira gani utastahimili hapo? Ndiyo maana ufa wako umefuata mzunguko.

Sasa fanya hivi. Kabla hujagusa jeki, gari likiwa mahali pa tambarare, chukua tepu upime kutoka katikati ya rimu kwenda juu hadi ukingo wa fenda. Andika namba hiyo kwa chaki kwenye fenda lenyewe. Fanya kazi yako yote, lakini bolti za mkono zishike tu, zisikazwe. Halafu weka jeki ya pili chini ya mkono, karibu na boljointi, na kipande cha mbao katikati. Pandisha polepole, ukipima kutoka katikati ya habu, pale tairi linapofungwa, mpaka namba yako irudi. Gari litakuwa karibu kuachana na stendi. Usizidishe hapo. Kaza.

Ukiwa na ngazi za kupandishia gari ni bora zaidi: rudisha tairi, panda juu ya ngazi, lisukume gari mbele ya boneti lichezecheze mara tatu nne litulie, ndipo ukaze kwa chini. Ila nakuomba sana, usitumie tofali za saruji. Tofali hupasuka bila kukupa dalili. Na kwa mchanga wa Kigamboni, stendi usiiweke juu ya ardhi tupu. Itazama mguu mmoja na gari litakuja upande. Tafuta ubao mnene, upana wake uzidi miguu ya stendi.

Hiyo habari ya kuning'inia inahusu bushi za mpira. Zile ngumu za rangi rangi, za poliyurethini, nyingi zinazunguka juu ya kibomba chake na zinataka grisi ya silikoni. Kwa barabara yako sizipendekezi, zitakuletea kila jiwe hadi kwenye usukani.

Fredi Mbagala

Mzee asante, nimekaa miaka sita na magari sijawahi kuambiwa hivi. Naomba kuuliza, sisi tulio mbali na mwenye presi tunazitoaje hizi bushi?

Mzee wa Spana

Inawezekana. Toboa toboa mpira kwa drili, toa kibomba cha ndani, kisha ingiza jino la msumeno wa chuma ndani ya ganda na ulikate taratibu kwa urefu wake. Ukikaribia mkono, acha, malizia kwa patasi. Ganda litajikunja na kutoka. Wengine wanachoma kwa moto. Moshi wa mpira ni sumu, na moto unaharibu rangi inayozuia kutu, na sisi tunaishi jirani na bahari.

Kuingiza mpya, tumia jiliwa kubwa, au bolti ndefu nene yenye nati na washa nene, upande mmoja ukiweka kipande cha bomba kinachopita nje ya ganda. Sukuma kwenye ganda, kamwe usisukume kibomba cha katikati. Pale panapohitaji utelezi paka maji ya sabuni. Oili na grisi ya kawaida hula mpira. Na kama bushi ina mshale au alama, piga picha ya ile ya zamani kabla hujaitoa, ikae vile vile.

Binti Kibada

Narudi na majibu baada ya wiki mbili. Safari hii nilipima. Gari likiwa chini, katikati ya rimu hadi fenda ni sentimita 37. Likining'inia, 45. Sentimita nane zote mpira ule ulikuwa unazibeba usiku na mchana. Nilikaa pale chini na tepu mkononi kwa muda, nikamkumbuka baba.

Bushi nilirudi kununua kwa muuzaji yule yule, na nikamwomba radhi. Bolti ilikuwa imeanza kushika kutu ndani ya kibomba, nikailoweka usiku kucha ndiyo ikatoka. Nikapandisha jeki hadi 37, nikakaza. Nati za tairi nikakaza kwa spana ya kipimo ya kuazima, Nm 103 kama kitabu kinavyosema. Kushoto kumenyamaza, na breki haivuti tena.

Jumamosi nafanya kulia. Mzee wangu, boljointi ya kulia nikiitikisa ina mchezo kidogo. Niifunge pamoja?

Mzee wa Spana

Ifunge pamoja, mkono ukiwa tayari mezani. Na alaimenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa tairi, isubiri hadi pande zote mbili ziishe, usije ukailipia mara mbili.